Vitabu Vyetu Vinafia Mgongoni

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili nisionekane nawanyooshea wengine kidole tu.

Mwaka juzi nilitoa kijitabu. Hadithi kumi na moja nilizosikia kwa bibi yangu mzaa mama, kule Nkololo, nikaziandika kwa Kiswahili chenye harufu ya Kisukuma na kuziongezea chumvi palepale ambapo bibi naye alikuwa akiongeza. Nilijinyima, nikakopa kwa ndugu, nikachapisha nakala 300 kwa mchapaji wa mjini. Simtaji, kwa sababu ugomvi wangu ni mkubwa kuliko yeye. Jalada liling'aa. Mgongo ulinyooka kama rula. Nikapiga picha, nikaziweka mtandaoni, mkanipongeza. Asanteni sana.

Nakala ya kwanza nikampelekea bibi. Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo alikipapasa, akakinusa, akakigeuza nyuma na mbele. Kisha akakifungua kwa nguvu, anavyofungua kila kitu, na kukikandamiza pajani ili kikae wazi. Kikalia "kra!" Kurasa za katikati zikateleza na kuanguka kwenye mkeka. Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akaziokota moja moja, akazilinganisha, halafu akaniuliza bila kejeli hata chembe: "Mayu, kwani hawakukishona?"

Hawakukishona. Na mimi, mwenye shahada na miaka kadhaa ya kuandika magazetini, sikuwa nimefikiri hata siku moja kuuliza.

Sasa ninauliza, na ninawauliza ninyi mnaosoma makala za namna hii. Tunagombana hapa kuhusu tuzo, kuhusu Kiswahili sanifu na cha mtaani, kuhusu nani kamwiga nani. Nimesoma hakiki za kurasa nne zinazochambua koma. Sijawahi kusoma hakiki moja ya kitabu cha Kiswahili inayosema: kitabu hiki kimebandikwa kwa gundi na kitaachia kabla hujafika sura ya tano. Tunahakiki roho, mwili tunauacha uoze.

Hebu fanyeni jambo moja kabla ya kuendelea. Chukueni kitabu kilicho karibu, mkitazame kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Mkiona mafungu madogo yaliyokunjwa, yamelaliana kama chapati zilizokunjwa mbili, yaelekea kimeshonwa. Kifungueni katikati ya fungu mtauona uzi. Mkiona ukingo ulionyooka, kila karatasi imesimama peke yake ndani ya utepe wa gundi, hicho kimebandikwa. Mashine imeikata mikunjo yote, imeukwaruza ukingo, imeumwagia gundi ya moto, imelivisha jalada, basi. Karatasi moja haina undugu na inayofuata. Kinachoziweka pamoja ni gundi pekee, na gundi hiyo ikiwa nyembamba, au ikikauka kwa jua kama hili letu la Septemba, hupasuka. Ufa ukishaanza, kila msomaji anaufungua zaidi kidogo.

Uzi una akili nyingine. Unapita katikati ya mkunjo, yaani pale karatasi moja inapokuwa kurasa nne kwa kukunjwa tu. Ili ukurasa utoke, lazima karatasi yenyewe ichanike. Na kwa kuwa mafungu yanashikana kwa mnyororo wa uzi, kitabu kinafunguka na kulala chali, paja la bibi likitaka.

Najua kuna gundi bora na wachapaji makini, na kuna vitabu vya kubandikwa vimeishi miaka thelathini kwenye rafu. Kwenye rafu, sawa. Lakini kitabu cha Bariadi hakikai kwenye rafu. Kinapanda bodaboda ndani ya mfuko pamoja na nyanya. Kinasomwa na mwanafunzi, kaka yake, mama mwenye genge, halafu mwalimu jirani anayekiazima "kwa siku mbili tu." Najua nakala moja ya kijitabu changu iliyopita nyumba saba, na ilirudi ikiwa imefungwa kwa mpira wa kufungia fedha, kama mzigo wa barua. Kitabu kinachosomwa na watu wengi ndicho kinachohitaji uzi, na ndicho tunachokinyima.

Halafu kuna jambo linaloniudhi kuliko gundi.

Nenda Arusha, nenda Mji Mkongwe, ingia kwenye duka lolote la vitu vya watalii. Utakuta madaftari yameshonwa kwa mkono, majalada ya kitenge, uzi mnene unaonekana mgongoni kama misuko ya nywele. Mshono wa Kikopti huo, au mmoja wa ndugu zake. Yanafunguka kama meza. Yanapendeza, sibishi, na mafundi wake wanastahili kila senti wanayolipwa. Ila yafungue. Ndani hamna neno hata moja. Kazi nzuri ya kushona tunayoionyesha madukani tumeiweka kwenye karatasi tupu, tukampa mgeni akaandike idadi ya tembo aliowaona alipoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Maneno yetu wenyewe tumeyabandika kwa gundi.

Rafiki yangu mmoja wa Dar, mwandishi mzuri tu, nilipomweleza haya alicheka. "Dada, hayo ya kushona vitabu ni mambo ya wazungu waliostaafu." Alinikera, lakini pia alinisaidia, kwa sababu nilikwenda kusoma.

Siyu ni mji mdogo kwenye kisiwa cha Pate, kaskazini mwa Lamu. (Siyu, Simiyu. Hayahusiani, najua, lakini sikio lilicheka.) Katika karne ya 18 na ya 19 mji huo ulisifika kwa wanazuoni wake na kwa mafundi wake wa ngozi, na huko watu walinakili misahafu kwa mkono, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, wakaifunga kwa ngozi. Karatasi ilikuja kwa meli, nyingi yake kutoka Italia. Kazi ilifanyika pale pale. Pwani nzima ilikuwa na maneno ya kazi hiyo. Kujalidi ni kukifunga kitabu na kukivisha ngozi yake, na jalada, neno tunalolitumia kila siku, asili yake ni Kiarabu, kwenye neno la ngozi. Hata chuo, kabla halijahamia kwenye majengo yenye ada, lilikuwa na maana ya kitabu. Kwa hiyo mtu akikwambia kitabu cha kushonwa ni kigeni kwa Mswahili, mwambie lugha yake mwenyewe inamkana.

Ukipanda juu zaidi, Ethiopia, mafundi wa makanisa wanashona hadi leo vitabu vya ngozi ya mnyama kati ya mbao mbili kwa mshono wa mnyororo. Misri, karibu na Nag Hammadi, mwaka 1945 vilifukuliwa vitabu 13 vya karne ya 4, vingi vikiwa bado na majalada yao ya ngozi. Vingi ni fungu moja nene lililokunjwa katikati na kukamatwa mkunjoni. Huo ndio ukoo wa kijitabu cha leo cha mkunjo mmoja. Bara hili lilikuwa linafunga vitabu kabla sehemu kubwa ya Ulaya haijajua kitabu ni nini. Wazungu waliostaafu wametukuta njiani.

Sitajifanya kwamba Usukumani tulikuwa na misahafu na majalada. Hatukuwa. Fasihi yetu ilikaa kwenye koo: malenga wa Wagalu na Wagika walitunga na kujibizana uwanjani baada ya mavuno, na aliyekosa kumbukumbu alikosa watazamaji. Lakini kushona tulijua. Bibi huyuhuyu alikuwa na kibuyu cha maziwa kilichopasuka ubavuni, na hakukitupa. Alikitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akapitisha uzi kama anashona jeraha, akapaka. Kibuyu kile kiliendelea na kazi hadi nilipomaliza kidato cha nne. Ndiyo maana aliniuliza swali lile kwa mshangao. Kwa mwanamke anayeshona kibuyu, kitu cha thamani kisichoshonwa ni uzembe.

Nikarudi mjini Bariadi na nakala 140 zilizobaki, nikampelekea fundi viatu aliyeko chini ya mti karibu na soko. Mzee wa makamo, hana maneno mengi.

"Mwadila, mzee."

"Mwadila, mayu. Viatu viko wapi?"

Nikamwonyesha. Alikishika kitabu, akakikunja kidogo, akasikiliza gundi inavyolia. "Hii ni soli ya kichina," akasema. "Imebandikwa juu juu."

Tulichofanya kwanza kilikuwa kosa, na ninakieleza kwa sababu ndicho watu wengi wanachofanya. Tulizitoboa zile nakala ubavuni, nusu sentimita kutoka mgongoni, tukashona toka jalada hadi jalada, kama mama anavyoshona kitabu cha shule cha mwanawe kwa shazia ya magunia. Kurasa hazikudondoka tena. Lakini kitabu kiligoma kufunguka, na kwa kuwa pambizo ya ndani ilikuwa finyu, mshono ulimeza herufi za mwisho na za mwanzo za mistari. Fisi akawa "fi". Wajapani wana mshono mzuri sana wa ubavuni, wa matundu manne, lakini wao waliutumia kwa karatasi laini na pambizo pana iliyoachwa makusudi. Karatasi iliyokwisha kukatwa mikunjo haina tena mahali pa kushonea. Gundi ilituua siku ya kwanza kiwandani. Sisi tulikuwa tunamvisha maiti suti.

Basi nikaanza upya. Toleo la pili, nakala 60, kurasa 96, karatasi 24 za A4 kwa kila kitabu.

Nieleze kazi yenyewe, kwa sababu nimechoka kuambiwa ni siri ya mafundi. Karatasi nne zinawekwa pamoja na kukunjwa katikati: huo ni mkunjo mmoja, kurasa 16. Mikunjo sita ni kitabu. Ugumu wa kwanza uko kwenye kupanga kurasa, maana ukurasa wa 1 unakaa karatasi moja na wa 16, wa 2 na wa 15, na kadhalika. Programu za kompyuta zinakupangia, lakini mimi nilijifanya najua, na nakala yangu ya kwanza sungura alianza safari kwenye hadithi moja akaliwa na fisi wa hadithi nyingine.

Mkunjo unabanwa kwa kitu kigumu. Mitandaoni watakuuzia kifaa cha mfupa. Mimi natumia mpini wa kijiko, fundi anatumia mfupa wa ng'ombe alioupata buchani bure. Kisha matundu matano kwenye mkunjo, kwa msharasi, kwa vipimo vilevile kwenye mikunjo yote. Hapo ndipo fundi aliponifokea mara ya kwanza na ya mwisho: "Usitoboe kama unachoma mshikaki. Tundu likizidi uzi, umeshona hewa." Uzi unapitishwa kwenye nta ili usijisokote na usilegee. Unaingia tundu la kwanza, unatoka la pili, unaingia tena, hadi mwisho. Ukifika mkunjo unaofuata, kila sindano inapotoka nje unaipitisha chini ya mshono wa mkunjo uliotangulia kabla ya kuirudisha kwenye tundu lake. Ule upitishaji wa chini ndio mnyororo. Vitabu vyenye mkunjo mmoja tu, vya mashairi kwa mfano, havihitaji hata hayo: matundu matatu, anzia la katikati, toka nje, ingia kwa juu, ruka katikati, toka kwa chini, rudi katikati, funga fundo. Mtoto wa darasa la tano anajifunza kwa asubuhi moja. Nimewafundisha watatu.

Uzi ulitusumbua. Uzi wa nailoni wa viatu ni imara mno. Ukiuvuta unachana karatasi kama waya unavyokata sabuni. Kitani, ambacho ndicho kinachopendwa na wajalidi wa Ulaya, Bariadi hakuna. Tulichoishia nacho ni uzi mnene wa pamba. Na hapa, jamani, niliketi chini.

Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Kuanzia msimu unapofunguliwa, barabara zetu zina malori ya pamba mbegu yanayokwenda kwenye majineri, na nyuzi nyeupe zimening'inia kwenye michongoma kama mvi. Pamba inachambuliwa, inashindiliwa kwenye marobota, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inaondoka nchini ikiwa haijasokotwa. Mimi nikanunua kijikasha cha uzi wa pamba hapo sokoni, nikageuza kibandiko chake, kumbe umetengenezwa ng'ambo. Uzi wa kushonea hadithi za Nkololo ulipanda meli mara mbili. Sina jibu la uchumi kwa hilo. Ninasema tu kwamba mkulima wa pamba na mwandishi wa mkoani wanaishi maisha ya kufanana: wote wanatoa mali ghafi, wanasubiri bei kutoka mbali.

Na mkulima wa hapa aliwahi kukataa. Kabla ya uhuru, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliona mizani ya wanunuzi inawaibia, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo. Kutokana na vuguvugu hilo, chini ya Paul Bomani, vyama vikakua hadi kuunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima Afrika wakati huo. Walianza na mizani, kifaa kimoja tu, wakakishika wenyewe. Mwandishi wa mkoani ana kifaa gani? Analalamika kwenye simu.

Kwa nini mnasubiri? Mwandishi wa Maswa mwenye mashairi 40 anasubiri mchapishaji wa Dar ajibu barua pepe. Mwalimu wa Meatu aliyekusanya methali za Kisukuma anasubiri shindano. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, ukisimama ufukweni Busega, kuna Ukerewe, alikoishi Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, vitabu viwili. Miaka 35. Alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika kitabu chake. Sidai kwamba uzi na sindano vingemwokoa. Kazi ile ni kubwa mno, na tuwashukuru waliokuja kuichapa. Lakini kila nikifikiria ile miaka 35 najiuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia yule mzee: tupige nakala kumi za sura ya kwanza, tuzikunje, tuzishone, zisomwe hapahapa kisiwani wakati tunasubiri. Jirani zake wangekuwa wameisoma.

Mtanijibu: PDF. Mtu aweke kazi yake mtandaoni, isambae, uzi wa nini? Mimi si adui wa PDF. Hata kijitabu changu kipo. Lakini PDF inataka simu janja, bando na macho ya kijana. Bibi ana kitochi. Wasomaji wangu wengi wa minadani wana vitochi. Na simu ikiibiwa inaondoka na maktaba nzima.

Mtanijibu tena: watoto wa shule ni mamilioni, utawashonea wote kwa msharasi? Hapana, sijarukwa na akili. Vitabu vya kiada ni kazi ya viwanda, na mashine za kushona vitabu zipo tangu karne ya 19. Anayechapa kwa malaki akiamua kuweka uzi, uzi utawekwa. Suala ni kama kuna mtu anayemdai. Mkono ni kwa ajili yetu sisi wa nakala 50, 100, 200, ambao kiwanda kinatuona kama usumbufu. Virginia Woolf na mumewe walipoanzisha Hogarth Press nyumbani kwao mwaka 1917, kitabu chao cha kwanza kilikuwa na nakala 150 hivi, na yeye mwenyewe alikuwa anashona. Hakuna anayemwita mstaafu aliyekosa kazi. Buenos Aires, baada ya uchumi wa Argentina kuanguka mwaka 2001, waandishi na wasanii walianzisha Eloísa Cartonera mwaka 2003: walinunua maboksi kwa waokota makaratasi wa mitaani, wakayakata kuwa majalada, wakayapaka rangi kwa mkono. Mtindo huo ukaenea nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Maboksi Bariadi yapo. Tunawashia moto.

Gharama? Hizi ni zangu, msizichukue kama sheria. Kurasa 48 za A4 kwa shilingi 50 kila upande, karatasi ikiwemo, ni shilingi 2,400. Jalada la manila na boksi, 500. Uzi na nta, 200. Fundi namlipa 1,500 kwa kitabu. Jumla 4,600, nauza 8,000. Toleo la gundi lilinigharimu pungufu kidogo kwa nakala, ila nilitakiwa kulipia 300 kwa mkupuo, nikae nazo chini ya kitanda, nizione zikipasuka. Hili la kushona nachapa kumi, nauza kumi, nachapa kumi. Nikiona kosa la herufi, kumi zijazo hazina.

Yapo matatizo. Kitabu cha kwanza kilinichukua saa tatu na nikakipaka damu. Sasa natumia nusu saa, fundi dakika ishirini, na shingo inauma. Kuna pia jambo la karatasi ambalo nililigundua nikiwa nimechelewa: karatasi ina uelekeo wa nyuzi zake, na A4 ya kawaida ya rimu mara nyingi nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo ukiikunja katikati unazivunja nyuzi, mgongo unavimba na kurasa zinakuwa ngumu kulala. Dawa ni kununua A3 na kuikata mara mbili, nyuzi zikae sambamba na mgongo. Nakala zangu 20 za mwanzo zimevimba kama maandazi. Zinasomeka.

Hata hivyo nitasema kwa nini haya yananiumiza kiasi hiki. Mimi ni mwandishi wa habari. Nikimpigia mhariri wa mbali na kumwambia nina habari ya Bariadi, mara tatu kati ya tano ataniuliza kuhusu Gamboshi na uchawi wake. Hilo ndilo kabati tulilowekewa. Vitabu vinavyotuandika kutoka nje vimejalidiwa vizuri, viko kwenye maktaba, vitaishi. Tukijiandika wenyewe, tunajiandika kwenye karatasi zinazodondoka. Miaka hamsini ijayo mtafiti akija kutafuta Simiyu ilisema nini juu ya nafsi yake mwanzoni mwa karne hii, atakuta Gamboshi ikiwa na mgongo imara na hadithi za bibi zimefungwa kwa mpira.

Kwa hiyo nadai mambo mawili, na ninayadai kwa majina ya kazi zenu. Wahakiki: kila mnapohakiki kitabu cha Kiswahili, andikeni sentensi moja tu, kimeshonwa au kimebandikwa, na kinafunguka vipi. Sentensi moja. Wachapishaji wakisoma hizo sentensi kwa mwaka mzima, tutazungumza lugha nyingine. Waandishi wa mikoani: acheni kuniambia hamna mchapishaji. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na haiulizi kama mgongo ulipita kiwandani. Tafuteni fundi viatu.

Fundi wangu, kwa taarifa yenu, hasomi sana. Lakini tulipomaliza nakala ya sitini aliomba moja, nikampa, akaiweka kwenye sanduku lake kati ya brashi na kiwi. Nadhani anaitumia kama tangazo. Jumamosi iliyopita mama mmoja aliyeleta kandambili aliiona, akaifungua, akaikandamiza kwa kiganja hadi ikalala. Akaangalia mshono, akaondoka bila kusema lolote. Jumatatu karudi na kaunta buku la kikundi chao cha kuweka na kukopa, miaka sita ya marejesho ya watu thelathini, limeachia katikati. Anataka lirudi kabla ya kikao cha Alhamisi. Tumelifungua leo asubuhi: bahati nzuri lilikunjwa.